Anayeziba ufa ndiye mwenye nyumba

Katika vijiji vingi vya Mkata, na sehemu kubwa ya Handeni, mkoani Tanga, kwa jumla, siku ya kikundi ni siku ya mwembe. Wanawake hukusanyika kivulini, sanduku la chuma lenye kufuli tatu likawekwa katikati, daftari likafunguliwa juu ya mkeka, hisa zikahesabiwa na mikopo ikagawiwa huku watoto wakicheza pembeni. Wingu likitanda, kikao kinavunjika na sanduku linakimbizwa nyumbani kwa mweka hazina. Mahindi waliyonunua kwa pamoja yanalala chumbani kwa mwanachama mmoja, cherehani kwa mwingine, na siku mmoja wao akikorofishana na mumewe au akihama kijiji, mali ya kikundi nayo inayumba. Fedha zipo, nidhamu ipo, watu wapo. Kinachokosekana ni mahali.

Kila hoja ya kuwajengea wanawake hawa jengo lao inapoibuka, jibu huja likiwa limeshaandaliwa: matofali ya saruji, bati la rangi, madirisha ya alumini na kibao cha mfadhili ukutani. Makala haya yanapendekeza njia nyingine. Jengo la wanawake wa kijijini lipimwe kwa swali moja kabla ya mengine yote: likipata ufa miaka mitano baada ya kufunguliwa, nani ataweza kuuziba? Ikiwa jibu ni wanawake wenyewe, kwa udongo wa hapo hapo na ujuzi walio nao mikononi, jengo ni lao. Ikiwa jibu ni fundi wa kukodi kutoka mjini, au mfadhili aliyekwisha kuondoka, basi wamekabidhiwa ufunguo tu. Wahenga walituonya kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini onyo hilo lina sharti ambalo tunalisahau: anayeambiwa azibe ufa lazima awe na uwezo wa kuuziba.

Ufundi uliohama mikono

Handeni ni nchi ya Wazigua, na kwa miaka mingi wanaishi humo pia Wanguu, Wakamba, Wamaasai na watu wa makabila mengine. Katika nyumba za miti na udongo zilizokuwa zimeenea vijiji vya huku, kazi iligawanywa. Wanaume walikata nguzo na fito, wakasimamisha na kufunga. Wanawake walichota maji, wakakanyaga udongo, wakakandika na kusiriba. Mvua zikipita na ukuta kuchubuka, mama mwenye nyumba hakumsubiri mtu. Alichukua karai, akalainisha udongo, akaziba. Kwa Wamaasai jambo hili liko wazi zaidi: mwanamke ndiye mjenzi, tangu fito za kwanza mpaka kupaka samadi, na nyumba aliyoijenga hujulikana kuwa ni yake.

Saruji ilipoingia, mambo mawili yalibadilika kwa pamoja. Kwanza, nyumba ikawa kitu cha kununua kwa fedha taslimu, na katika kaya nyingi za vijijini fedha taslimu hukaa mfukoni mwa baba. Pili, kazi yenyewe ikahamia kwa fundi, na fundi wa saruji karibu kila mara ni mwanamume. Mwanamke aliyekuwa akijua kutengeneza ukuta sasa kazi yake ni kumchotea fundi maji. Nyumba imependeza zaidi machoni, lakini neno lake juu ya nyumba hiyo limepungua. Je, tunataka jengo la kikundi chake nalo lije kwa mtindo huo huo, yeye akiwa mtazamaji mpaka siku ya kukata utepe?

Mazoea haya hayakuanza jana. Mwaka 1977, Mwalimu Nyerere alipoandika tathmini ya miaka kumi ya Azimio la Arusha, alilalamikia watu kukataa kujenga kwa matofali ya kuchoma na vigae wakisubiri saruji na bati, akaona kwamba hapo kilichoganda ni fikra. Karibu nusu karne baadaye, barabara ya lami imefika kutoka Korogwe hadi Handeni mjini na kushuka Mkata, malori ya saruji yanapita kila siku, na bado maelfu ya kaya zinaishi katika nyumba ambazo hazijakamilika kwa sababu mfuko wa mwisho wa saruji haujapatikana. Kusubiri kwenyewe kumekuwa sehemu ya ujenzi.

Hapa pasieleweke vibaya. Hakuna anayependekeza kurudi kwenye kibanda chenye giza kilicholiwa na mchwa. Nyumba zile zilikuwa na kasoro zake, na waliozikimbia walikuwa na sababu. Kinachotakiwa ni kuuchukua udongo ule ule na kuufanyia kazi kwa maarifa ya leo, bila kuwanyang'anya wanawake ufundi walioushika kwa vizazi.

Tuanze na paa

Kila mkoa wa nchi hii una maboma yake. Wananchi huchangishana, wakainua kuta za zahanati, darasa au ofisi mpaka usawa wa lenta, kisha wakasubiri serikali au mfadhili aezeke. Subira hiyo wakati mwingine hula miaka. Mvua inapiga vichwa vya kuta, nyasi zinaota ndani ya vyumba, na waliochangia wanapoteza hamu ya kuchangia tena. Tatizo moja la maboma ni mpangilio wa kazi. Tunatumia nguvu za mwanzo, zile zenye ari zaidi, kwenye sehemu isiyomfaa mtu mpaka sehemu ya mwisho ikamilike. Ukuta usio na paa haumstiri mtu. Paa lisilo na ukuta linamstiri tangu siku lilipoezekwa.

Kwa hiyo jengo la wanawake wa Mkata lianze juu. Zisimikwe nguzo imara, zifungwe kenchi, liezekwe bati, kuta zifuate baadaye. Mkoa wa Tanga hauhitaji kuagiza nguzo mbali: Shamba la Miti Longuza, wilayani Muheza, linakuza misaji, mti ambao mchwa huuogopa, na Shamba la Shume, kule Lushoto, linatoa mbao za kenchi. Siku paa linapokamilika kikundi kinahama kutoka chini ya mwembe. Kikao hakivunjwi tena na wingu, mahindi yanaanikwa bila kuloweshwa, na mchango unaofuata unatolewa na watu walio kivulini mwa matunda ya mchango uliopita.

Paa linaleta na kitu kingine ambacho Handeni inakithamini kuliko saruji, nacho ni maji. Wilaya hii imeishi na shida ya maji kwa miongo mingi, hata bomba kuu linaloitegemeza, lile la mradi wa HTM (Handeni Trunk Main), linavuta maji ya Mto Pangani kutoka upande wa Korogwe. Sasa tupige hesabu ndogo. Milimita moja ya mvua ikinyesha juu ya mita moja ya mraba ya bati hutoa lita moja. Chukua paa la mita 12 kwa mita 10, yaani mita 120 za mraba, na mwaka wenye mvua ya milimita 800. Hizo ni lita 96,000. Toa sehemu moja ya tano kwa ajili ya kumwagika na kuvukia, zinabaki lita 76,800, sawa na ndoo 3,840 za lita 20. Nani anazibeba ndoo hizo kichwani kwa sasa, na kutoka umbali gani? Hakuna tenki la kijiji litakalohifadhi zote kwa mara moja, lakini hata robo yake ikikingwa, ni safari nyingi ambazo miguu ya mwanamke na binti yake wa shule haitazitembea.

Paa na maji yake ndivyo vinavyowezesha kuta. Tofali la udongo lililochanganywa na saruji kidogo huhitaji mambo mawili likishafyatuliwa: kivuli na kumwagiliwa kwa siku kadhaa, la sivyo linakauka haraka na kupasuka. Kikundi kinachoanza na kuta hulazimika kutafuta turubai na kununua maji. Kikundi kilichoanza na paa kina kivuli, na mvua za vuli zimeshakijazia tenki. Kinafyatua matofali chini ya paa lake chenyewe, kwa kasi yake, baada ya shughuli za shamba kupungua, na kinainua ukuta mmoja mmoja kadiri nguvu zinavyoruhusu. Haba na haba hujaza kibaba, mradi kibaba chenyewe kiwe na mfuniko.

Msomaji atauliza: bati si la dukani? Ni la dukani, na makala haya hayaabudu udongo. Nyasi nzuri za kuezekea zimekuwa adimu, zinashika moto kwa urahisi, na maji yake hayafai kukingwa kwa kunywa. Kipimo kinabaki kile kile. Shiti moja la bati likitoboka, wanawake wawili wenye ngazi, nyundo na misumari wanaweza kulibadilisha. Cha dukani kiingie pale kinapofanya kazi ambayo cha hapa hakiwezi, na pale ambapo kikiharibika wenyeji wanaweza kukishughulikia.

Udongo una vipimo vyake

Wanaoudharau udongo wengi hawajawahi kuupima. Kipimo cha kwanza hakihitaji maabara. Chukua chupa ya plastiki inayoonyesha ndani, itie udongo uliochimbwa chini ya tabaka la juu lenye mizizi na mboji mpaka theluthi moja, ijaze maji, itikise vizuri, uiache itulie mpaka kesho. Mchanga unakaa chini kabisa, juu yake vumbi laini, na mfinyanzi unabaki juu. Ukizidi mchanga, tofali litamomonyoka. Ukizidi mfinyanzi, litapasuka likikauka. Mwanamke anayefinyanga vyungu hahitaji kufundishwa sana hapo, maana vidole vyake vinajua tayari. Kipimo cha pili ni kibao chembamba mfano wa sanduku: kinajazwa udongo mbichi, unaachwa ukauke, kisha inapimwa umesinyaa kiasi gani. Kusinyaa huko ndiko kunakosema saruji itiwe kiasi gani.

Kwa udongo unaofaa, kwa kawaida kipimo kimoja cha saruji huchanganywa na vipimo vinane hadi kumi na viwili vya udongo, kisha mchanganyiko ukashindiliwa kwa mashine ya mkono. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, umeyahimiza kwa miaka mingi matofali ya namna hii ya kufungamana, ambayo hupangwa yakashikana yenyewe bila kuhitaji udongo wa saruji katikati ya kila mstari. Mashine yake haina mota wala haidai umeme. Inaendeshwa kwa uzito wa mtu kwenye mpini, na ikipakwa grisi na kutunzwa inadumu.

Faida kubwa zaidi ni kwamba tofali hili halichomwi. Tofali la kuchoma, ambalo ndilo vijiji vingi vinaliona hatua ya kutoka kwenye udongo, hula kuni nyingi kwenye tanuri. Handeni tayari imetoa miti yake mingi kwa mkaa unaosafirishwa kwenda Dar es Salaam. Kujenga jengo la wanawake kwa tanuri ni kuwaongezea umbali wa kutafuta kuni, yaani kuwapa kwa mkono mmoja na kuwapokonya kwa mwingine.

Baada ya tofali, ubora wa jengo unakaa katika mambo machache ambayo hayana gharama kubwa ila umakini. Msingi wa mawe uinuliwe juu ya ardhi, maana ukuta wa udongo huliwa kwanza mguuni, pale matone ya paa yanapoanguka na kurusha maji. Paa litoke nje vya kutosha kufunika kuta na kuzaa baraza pande mbili, ambayo kwa vikao vya mchana ni chumba kizuri kuliko vyote. Upande mrefu wa jengo uelekee kaskazini na kusini, ili jua la asubuhi na la alasiri likutane na kuta fupi zisizo na madirisha makubwa. Chini ya bati iwepo nafasi ya hewa kupita, ili joto la saa nane lisishuke vichwani mwa watu. Ghala la nafaka liwe na sakafu iliyoinuliwa na kavu, kwa sababu mahindi yenye unyevu huzaa sumukuvu, na tunakumbuka jinsi sumu hiyo ilivyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016.

Wamefanya wengine, na wengine wameshindwa

Mfano ulio karibu zaidi upo ndani ya mkoa wa Tanga wenyewe. Katika kijiji cha Magoda, wasanifu kutoka Denmark wakishirikiana na watafiti wa Tanzania walijenga nyumba sita za majaribio, zenye kuta zinazopitisha hewa na nyavu zinazozuia mbu. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2017 yalionyesha kwamba zilikuwa na ubaridi zaidi ya nyumba za kawaida za kijijini, na mbu walioingia ndani walikuwa wachache sana kulinganishwa nazo. Somo lake kwa Mkata ni kwamba afya ya nyumba inategemea zaidi jinsi hewa, mwanga na matundu yalivyopangwa kuliko bei ya tofali. Nyumba njema si mlango.

Mjini Moshi, shirika la wanawake la KWIECO lilipata nyumba ya hifadhi kwa wanawake na watoto wanaokimbia ukatili, iliyobuniwa na wasanifu watatu wanawake kutoka Finland: Saija Hollmén, Jenni Reuter na Helena Sandman. Kayonza, nchini Rwanda, kituo cha wanawake kilichofunguliwa mwaka 2013 kilijengwa kwa takriban matofali 450,000 ya udongo yaliyofyatuliwa kwa mikono na wanawake wenyewe, na ufundi waliojifunza hapo ukawa kazi wanayoweza kuifanya mahali pengine. Gando, nchini Burkina Faso, Diébédo Francis Kéré alikamilisha mwaka 2001 shule ya msingi ya kijiji alichozaliwa kwa matofali ya udongo na paa lililoinuliwa juu ya dari ili hewa ipite. Wanakijiji walianza kwa mashaka, maana walijua mvua inavyoufanya udongo. Walishawishika walipoona tofali lenye saruji kidogo likistahimili maji, nao ndio walioijenga. Mwaka 2022 Kéré akawa Mwafrika wa kwanza kupata tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kabisa katika usanifu majengo.

Lakini haki inatutaka tutaje na kushindwa. Katika miaka ya 1940, msanifu Hassan Fathy wa Misri alijenga kijiji cha New Gourna karibu na Luxor kwa matofali ya udongo, chenye kuba nzuri na ua wa ndani, kazi inayosifiwa mpaka leo katika vyuo vya usanifu. Wengi wa waliokusudiwa kuhamia hawakutaka kuhamia. Walikuwa wanaondolewa mahali penye riziki yao, na uamuzi ulifanywa na serikali kabla yao. Udongo haukumwokoa Fathy, na hautamwokoa mtu yeyote anayefika Mkata na michoro iliyokamilika akiomba ipigiwe makofi. Wanawake waulizwe kwanza jengo ni la kazi gani: la kuhifadhia mahindi, la kukamulia alizeti, la kushonea, la kuwalaza watoto mama zao wakiwa kikaoni? Jibu la Mkata linaweza kuwa tofauti kabisa na la kijiji cha jirani, na mchoro ufuate jibu.

Majibu kwa wenye shaka

Hoja ya kwanza ya wapinzani ni heshima. Wanasema wanawake wa kijijini wamechoka na udongo, na kwamba kuwajengea kwa udongo ni kuwaambia wao ni wa daraja la pili. Hoja hii ina uzito, na jibu lake haliwezi kuwa hotuba. Mtu hudharau kile anachokiona kwa maskini peke yake. Ndiyo maana halmashauri ikitaka kuhubiri matofali ya udongo, ianze na ofisi ya kijiji au nyumba ya mtumishi wake. Mjini Djenné, nchini Mali, msikiti mkuu uliojengwa upya mwaka 1907 ni wa udongo, na kila mwaka mji mzima hutoka kuusiriba upya kwa sherehe. Hakuna anayeuona kuwa ni jengo la maskini. Heshima yake imetunzwa na watu wanaorudi kuushika kwa mikono yao.

Hoja ya pili ni ya kiuchumi: saruji nayo ni ya hapa, kwa kuwa kiwanda kipo Pongwe, nje kidogo ya Tanga mjini. Ni kweli, na ndiyo sababu hakuna haja ya kuipiga vita. Itumike kwenye msingi, kwenye lenta, kwenye tenki na kwa kipimo kidogo ndani ya tofali. Hata hivyo, fedha inayolipia mfuko wa saruji huondoka kijijini siku hiyo hiyo. Fedha inayolipa ujira wa kufyatua tofali hubaki, ikanunua sukari dukani kwa jirani na daftari la mtoto. Katika bajeti ya jengo moja, kuhamisha sehemu kubwa ya gharama kutoka kwenye vifaa kwenda kwenye ujira ni sera ya uchumi kwa kijiji kizima.

Hoja ya tatu ndiyo nzito kuliko zote. Mwanamke wa kijijini analima, anachota maji, anatafuta kuni, anapika, analea. Je, tunamwongezea na kufyatua matofali, kisha tunaita ukombozi? Kama kazi hiyo ni ya bure, kwa jina la nguvu za wananchi, basi anayeuliza hivyo amesema kweli na mradi uachwe. Kazi ya mikono ya wanawake ilipwe kwa kiwango kile kile anacholipwa kibarua mwanamume, ipangwe nje ya msimu wa kilimo, na pawepo mahali pa watoto tangu siku ya kwanza ya ujenzi. Fundi mkuu akodiwe kwa sharti la kufundisha, na hatua ya mwisho ya malipo yake ifungwe na ujuzi wa wanafunzi wake. Hapo kazi inakuwa ajira na chuo kwa wakati mmoja.

Wapo pia wanaokumbusha papasi, kunguni na nyufa. Wana haki. Wadudu hao hujificha kwenye nyufa na kwenye giza, basi dawa ni ukuta ulioshindiliwa vizuri, ukapigwa plasta laini na kupakwa chokaa, na nyavu kwenye matundu. Chokaa si ugeni kwetu. Magofu ya Tongoni, kusini mwa jiji la Tanga, yanasimama kwa mawe na chokaa tangu karne nyingi kabla ya kiwanda chochote. Na ufa ukitokea, tunarudi pale pale: uzibwe mapema, na wenyewe.

Hati itangulie tofali

Jengo zuri juu ya kiwanja cha kuazima ni mtego. Kikundi kinapewa pembe ya shamba la mwanakijiji mwema, wanajenga, mwaka wa saba mwema yule anafariki na warithi wanakuja na madai. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Namba 5 ya mwaka 1999 inamtambua mwanamke kuwa na haki sawa na mwanamume ya kupata, kumiliki na kutumia ardhi, na inaruhusu watu waliojiunga pamoja kuomba hakimiliki ya kimila. Kikundi kiombe kiwanja mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, kipate hati kwa jina la kikundi, ndipo nguzo ya kwanza isimikwe. Mfadhili au ofisa wa maendeleo ya jamii anayeiruka hatua hii kwa sababu inachelewesha mradi anawaachia wanawake kesi.

Fedha nazo zina njia. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia nne kati ya hizo ni ya wanawake. Kikundi kinaweza kukopa mashine ya kufyatulia, kikajenga jengo lake, kisha kikauza matofali kwa wanaojenga nyumba na kurejesha mkopo. Mhandisi wa halmashauri naye ana kazi isiyoweza kuachiwa nia njema: kukagua kwamba nguzo zimefungwa vizuri dhidi ya upepo, udongo umepimwa na msingi umeinuliwa. Udongo hausamehe uzembe, na jengo moja likianguka litaizika hoja hii kwa kizazi kizima.

Basi kwa yeyote anayekusudia kuwajengea wanawake wa Mkata, au wa kijiji chochote kati ya Handeni na Korogwe, liwepo sharti moja ndani ya mkataba. Jengo lisikabidhiwe mpaka wanawake wenyewe wawe wamebomoa kipande cha ukuta, wakafyatua matofali mapya, wakakijenga upya na kukipiga plasta bila msimamizi kuwaelekeza. Wakiweza, utepe ukatwe. Wasipoweza, mafunzo hayajakwisha na mradi haujakwisha, hata kama bati linang'aa na mgeni rasmi ameshawasili.